Skripti ya lumbesa: niliyoyaona nikiendesha kazi ndefu kwenye Drupal nikiwa Mbeya

Ukishawahi kununua viazi Uyole lumbesa unaijua, gunia limejaa mpaka mdomoni afu juu wameliongezea kilemba cha kamba, linaitwa gunia moja ila kulibeba ni kama mawili, na anayeumia ni mkulima na yule kuli mgongo wake. Mwaka 2019 mimi niliandika skripti, yani programu ndogo, ya lumbesa na nikashangaa kwanini seva inaanguka.

Tovuti yenyewe ilikua ya habari za kilimo na bei za mazao Nyanda za Juu Kusini, wenyewe siwataji. Ilianza 2009, ikahamia Drupal 7 (Drupal ni mfumo wa kuendeshea tovuti), na ndani kulikua na habari kama elfu 41 hivi, nyingi ni vijihabari vya mistari mitatu, mahindi Mbalizi debe shilingi ngapi, mchele Kyela, parachichi Rungwe. Kila habari imebandikwa mkoa na wilaya. Sasa shida ni kwamba nchi ilibadilika ila tovuti haikubadilika. Njombe ilitoka Iringa 2012, Songwe ikatoka Mbeya 2016, ila kwenye databesi yetu Makete na Ludewa bado ziko Iringa, na Mbozi, Ileje na Momba bado ziko Mbeya. Mzee mwenye tovuti ni mtu wa Vwawa na hilo jambo lilikua linamkera kweli. Nilivyompigia, baada ya shikamoo tu, akaanza, "Kijana, mimi nakaa makao makuu ya mkoa, wewe mpaka leo umeniacha wilayani?"

Nikamwambia mzee hiyo kazi ya nusu saa.

Nikaandika lupu, chukua habari zote za wilaya hizo, badilisha mkoa, hifadhi, nenda inayofuata, nikaipachika kwenye ukurasa mmoja wa adminini wenye kitufe, nikabonyeza. Sekunde 30, ukurasa mweupe. PHP, lugha iliyoandikiwa Drupal, ikiwa kwenye wavuti kwa kawaida inaruhusiwa sekunde 30 tu, ikizidi inakatwa. Nikapandisha mpaka 300. Safari hii ikafika dakika moja ikaniletea kosa la 504, mana ake nginx, programu inayopokea maombi ya wageni ikiwa imekaa mbele ya PHP, nayo ina saa yake, inasubiri sekunde 60 ikiona kimya inamwambia mteja basi. Nayo nikaipandisha. Ikaenda kama dakika mbili na nusu afu memori ikaisha. Yani kila nikivuka uzio mmoja nakutana na mwingine, na kibaya zaidi kila ikifa inakua imeshabadilisha habari kadhaa, ngapi sijui, zipi sijui.

Najua kuna watu dawa yao siku zote ni kupandisha tu, ongeza muda ongeza memori, mimi siku hizi nikiona mtu ameweka kikomo cha muda sifuri kwenye seva ya wavuti namuonea huruma aliyemwajiri. Ni kumwongezea kuli chakula ili abebe lumbesa.

Kilichonifungua macho ni soko la Mwanjelwa. Niliwahi kukaa pale nasubiri mtu, fuso inashushwa viazi, na pembeni kuna jamaa amesimama na kipande cha mkaa, kila gunia likipita anachora mstari ukutani, ikifika mitano anaikata. Mvua ikanyesha, watu wakakimbia, wakarudi baada ya saa nzima, na hakuna aliyeuliza tumefikia wapi, ukuta unasema. Nikawaza mimi skripti yangu haina ukuta.

Drupal ukuta inao, unaitwa Batch API, upo tangu Drupal 6. Unaikatia kazi vipande, inafanya kipande kwa muda mfupi, kama sekunde moja hivi, afu inarudi kwa brauza inasema tumefika asilimia kadhaa, brauza inaomba tena, inaendelea. Hamna ombi hata moja linalokaa muda mrefu kwaiyo zile nyuzio zote hazikugusi. Na kati ya zamu na zamu kuna kisanduku kinaitwa sandbox, ndani yake unaandika ulipofikia, na mwisho wa kila zamu unatoa namba kati ya 0 na 1, ukitoa 1 inajua kazi imeisha. Hapo lazima uwe makini kidogo, kama jumla ya kazi ni sifuri utagawanya kwa sifuri, na kama namba haifiki 1 kabisa basi itazunguka mpaka Yesu arudi.

Nikaiandika, habari 50 kila zamu. Nikaiendesha, ule mstari wa buluu ukasogea taratibu mpaka 100, nikapiga picha ya skrini nikamtumia mzee, nikaenda zangu kula. Jioni simu. "Kijana, mbona nusu yetu tuko Songwe na nusu bado tuko Mbeya?"

Nikadhani anatania. Nikafungua databesi nikahesabu, na kweli, karibu nusu kamili hazijaguswa. Nilikaa siku nzima naangalia kodi ileile. Wewe fikiria, nilikua naiambia hivi, niletee habari 50 za Mbozi ambazo mkoa wake ni Mbeya, ruka 0. Zamu ya pili, niletee 50, ruka 50. Zamu ya tatu ruka 100. Inaonekana safi. Ila zile 50 za kwanza zikishageuka kuwa Songwe zinatoka kwenye orodha, mana orodha ni ya walio Mbeya, kwaiyo iliyokua namba 51 sasa ndo namba 1, na mimi naruka 50. Nimeziruka zote zile. Zamu inayofuata nazigusa 50 zingine na kuruka 50 zingine, hivyo hivyo mpaka mwisho, na asilimia nilikua nahesabu kwa kujumlisha 50 kila zamu bila kujali nimepata ngapi, kwaiyo mstari ukafika 100 na moyo safi kabisa. Mstari haukudanganya, mimi ndo niliuambia uongo.

Kilichotibu ni kuacha kuruka. Kila habari ina namba yake ambayo haibadiliki, kwaiyo naandika kwenye sandbox namba ya mwisho niliyoigusa, na zamu inayofuata nasema nipe 50 zenye namba kubwa kuliko hii, zipangwe kuanzia ndogo. Orodha ibadilike inavyotaka, namba haihami. Mpaka leo hii ndo kitu cha kwanza ninachoangalia nikipewa kazi ya mtu mwingine niikague, nikiona anaruka huku anabadilisha kilekile anachotafutia, najua kuna nusu imebaki mahali.

Nusu ya Mbozi iliyorukwa nikaiacha kwanza, nikaanza na wilaya zile zingine, Makete, Ludewa na wenzao kwenda Njombe, na hizo ndo zilikua nyingi. Ilikua Julai, Mbeya ya Julai mnaijua, nilikua nimejifunika blanketi hapo mtaani Soweto, ya Mbeya hiyo, nina chai pembeni, mstari umefika 61, umeme ukakata. Laptop ina chaji, haina shida, ila ruta ikazima. Nikawasha hotspoti ya simu, nikakuta mstari umesimama na maandishi mekundu ya kosa. Ndo nikaelewa kitu ambacho nilikua nakisoma bila kukisikia, kwamba kwenye hii njia anayeisukuma kazi ni brauza yako. Seva haifanyi mpaka brauza iombe. Ukifunga tabu ya brauza, laptop ikilala, bando likiisha, kazi inasimama pale pale, seva iko huko Ulaya ina umeme wake na baridi yake ila inakusubiri wewe wa Soweto. Ukirudi kwenye adresi ileile kabla hujatolewa kwenye akaunti mara nyingi inaendelea ilipoishia, mana kazi yenyewe imeandikwa kwenye jedwali la databesi, mimi ilinikubalia. Ila kukaa unalinda tabu kama mtu anayelinda ndege shambani hapana.

Nina rafiki yangu Iringa, Kihesa, huyu ndo mtu wangu wa kumuuliza vitu vya seva. Nikamtumia meseji, akajibu kwanza "kamwene", sisi huku tukisema ugonile yeye lazima aanze na kamwene yake ndo tuongee.

"Kaka we unaendesha kazi ya masaa matatu kwenye brauza?"

"Sasa niendeshe wapi?"

"Drush si ipo? Ingia kwenye seva, endesha hukohuko, wewe ukalale."

Drush, programu ya kuiendesha Drupal kwa kuandika amri, nilikua naitumia kusafisha kashe tu, zile nakala za muda. Kumbe PHP ikiendeshwa kwenye terminali, yani kwa kuandika amri bila brauza, ile saa ya sekunde 30 haipo, na nginx hayumo kwenye hiyo safari kabisa. Nikaingia kwa SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, nikaanzisha, raha mustarehe, namba zinashuka tu. Baada ya dakika arobaini mtandao ukatetereka kidogo, SSH ikakatika, na kazi ikafa. Nikamrudia.

"Umeanzisha ndani ya Screen?"

"Screen ndo nini?"

Akacheka kwa vikatuni vya kucheka kama kumi hivi. Mtu wa Iringa akikucheka unaisikia mpaka Uyole. Ukianzisha kazi moja kwa moja kwenye SSH, kazi hiyo ni mtoto wa hiyo SSH, mzazi akifa mtoto naye anapelekwa. Screen inakua mzazi wake hukohuko kwenye seva, wewe unaingia unaangalia unatoka, ukikatika haijali, kesho unaingia unaandika screen -r unakuta mambo yako kama ulivyoacha. Wengine wanatumia tmux, ni kitu kilekile. Kitu kama hiki nilitakiwa kukijua mwaka wa kwanza, ila ukijifunza peke yako kwa kubahatisha kuna mashimo yanabaki na huyajui mpaka uingie.

Sasa nije kwenye aibu kubwa.

Ile tovuti ilikua na huduma ya SMS. Mkulima anajisajili wilaya yake, bei ikiwekwa au ikibadilishwa anapata meseji. Moduli ya SMS, yani kipande cha programu kilichoongezwa kwenye Drupal, ilikua inasikiliza, kila habari ya bei inapohifadhiwa inatuma. Na skripti yangu kazi yake ni nini? Kuhifadhi habari. Elfu na elfu. Kwanini sikuliona mapema? Mana kwanza nilijaribu kwenye nakala iliyo kwenye laptop yangu, na kwenye nakala ile ufunguo wa SMS haukuwepo, kwaiyo kimya. Na zile za mwanzo kwenye brauza sikubahatika, au nilibahatika, salio la SMS lilikua limeisha wiki mbili na hakuna aliyesema. Mzee alilijaza siku ileile mchana bila kuniambia.

Ilikua kama saa tano usiku nimeanzisha zile za Mbozi zilizobaki. Ndani ya Screen, najisikia fundi, nimetoka hata kwenye SSH. Simu ya mzee ikaita. "We kijana, debe la mahindi limeshuka mpaka elfu sita na mia tano lini?" Nikamwambia mzee sijui, mimi bei siweki. Akasema amepata meseji nane ndani ya dakika tano, na kila moja bei yake. Nikaganda. Bei za 2012. Skripti inapita kwenye habari za zamani kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, na kila ikihifadhi, wakulima wa Mbozi wanapata bei ya miaka saba iliyopita usiku wa manane kama vile ndo ya leo.

Nilikimbilia kuisimamisha, nikarudi kwenye Screen, Ctrl na C, ikasimama, ila meseji zilizokua zimeshapokelewa kule kwa watu wa SMS zikaendelea kutoka. Kilichotuokoa ni salio kuisha. Zilitoka elfu moja na mia moja na kitu. Asubuhi yake mzee akanipigia tena, safari hii hana hata hasira, amechoka tu, ananiambia kuna dalali Mlowo anazunguka na simu anawaonyesha wakulima, "si mmeona wenyewe bei imeshuka", na kuna watu walitaka kumuuzia. Ikabidi ninunue salio kwa hela yangu tutume meseji moja ya kuomba radhi. Sikumdai mzee hela ya kazi mwezi ule, na yeye hakuuliza kwanini sidai.

Kwaiyo siku hizi kabla sijaandika mstari hata mmoja najiuliza, kitu hiki kikihifadhiwa ni nani mwingine anaamka? SMS, barua pepe, ramani ya tovuti, faharasa ya kutafutia, toleo jipya la habari linaloongeza ukubwa wa databesi, tarehe ya kubadilishwa. Hiyo tarehe nayo ilituumiza, ukurasa wa mbele ulikua unapanga kwa tarehe ya mwisho kubadilishwa, ukajaa habari za 2010. Kwenye Drupal 7 kulikua na njia ya pembeni, field_attach_update, inahifadhi zile sehemu za data peke yake bila kupita kwenye mlango mkuu, kwaiyo moduli zinazosikiliza habari ikihifadhiwa hazisikii na tarehe haiguswi. Nikamalizia nayo mikoa yote. Ila usiitumie kila mahali, mara nyingine hao wanaoamshwa ni kwa faida yako, na kashe lazima uisafishe mwenyewe baadae. Na kwenye moduli ya SMS niliongeza sharti dogo tu, habari iliyoandikwa zaidi ya siku mbili zilizopita haitumwi, hata dunia igeuke.

Kuhusu memori nitasema kwa kifupi. Kwenye terminali muda hauishi ila memori inaisha, mana Drupal kila habari inayoifungua inaiweka akilini ikidhani utaihitaji tena. Ukifungua elfu thelathini kwenye mwendo mmoja inazibeba zote. Kila baada ya vipande kadhaa unaiambia isahau, kwenye Drupal mpya ni resetCache ya hiyo stoo ya nodi, nodi ndo jina la Drupal la habari moja. Baada ya hapo namba ya memori ikawa inapanda na kushuka kama barabara ya Tukuyu badala ya kupanda tu.

Afu kuna kazi ambazo si za siku moja, zinarudi kila siku, kwetu ilikua kuchukua bei kutoka kwenye faili wanazotuma watu wa masoko. Hizo niliziweka kwenye foleni, kila mstari wa faili unakua kitu kimoja kwenye foleni, na kroni, ile saa ya seva inayoanzisha kazi kwa ratiba, ikipita inachukua inachoweza kwa sekunde ulizoipa, kinachobaki kinasubiri. Hapa nilikutana na vimeo viwili. Cha kwanza, mstari mmoja mbovu, soko ambalo halipo kwenye mfumo, kodi inarusha kosa, kile kitu hakitoki kwenye foleni, baada ya muda kinarudi, kinarusha tena, kinarudi, wiki nzima logi imejaa kosa moja. Sahivi nikishika kosa la namna hiyo naliandika pembeni na kukitoa kitu kwenye foleni, atakaekuja asubuhi ataangalia. Cha pili ni saa. Mzee alisema iende saa saba usiku wakati watu wamelala, nikaandika 1 kwenye krontabu, yani ratiba ya kroni, nikijua nimemaliza, kumbe seva iko kwenye saa za UTC, zile saa za kimataifa, sisi tuko mbele masaa matatu, ikawa inakwenda saa kumi alfajiri na kuisha wakati wafanyabiashara wa Mwanjelwa wameshaamka wanatafuta bei. Ilitakiwa 22. Ukiongeza na sisi kuhesabu saa kuanzia jua linapochomoza, mtu unaweza ukachanganyikiwa mara mbili kwenye mstari mmoja.

Ikafika 2024. Drupal 7 ilikua inaachwa rasmi tarehe 5 Januari 2025, ile tarehe walishaisogeza mbele mara kadhaa ila safari hii hawakusogeza, kwaiyo Novemba tukakubaliana na mzee tuhamie Drupal 10. Kazi ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya, ila Migrate, chombo cha Drupal cha kuhamishia data, imeandikwa na watu walioumia kabla yangu. Inaweka jedwali la ramani, habari namba hii ya zamani imekua namba hii mpya, yani ukuta wa mkaa kabisa, ukikatika unaanzisha tena inaruka zilizokwisha kupita. Memori ikifika asilimia 85 ya kikomo inajaribu kuipunguza yenyewe. Ikifa vibaya inabaki inajidhania bado inaendelea, unakataliwa kuanzisha tena, hapo unaipa migrate:reset-status inazinduka. Nilichukua bakapu kwanza, nikahamisha kumi, nikaangalia kwa macho, nikahamisha mia, nikaangalia, nikahakikisha ufunguo wa SMS haupo kwenye seva mpya, nikahakikisha tena, nikaanzisha zote saa tatu usiku ndani ya Screen.

Saa nne na nusu umeme ukakata Soweto nzima. Nikazima laptop ili nitunze chaji, nikalala.

Asubuhi nikaingia, screen -r, imeisha. Tatu zimegoma. Mbili zilikua habari tupu zisizo na kichwa, nikazifuta. Ya tatu ni ya maua ya Kitulo, ya mwaka 2011, faili la picha halipo kwenye seva ya zamani, na inaelekea halikuwepo miaka mingi. Nikampigia mzee. Akakaa kimya kidogo, akasema picha ile aliipiga mwenyewe, iko kwenye flashi, na flashi iko kwa shemeji yake Makete, ataagiza na basi la Jumatatu.